Buti la Zefa

Kosa langu lilikuwa herufi moja. Nilisema "langi" nilipotaka kusema "rangi", na ndiyo maana vidole viwili vya mkono wangu wa kulia havikunjiki mpaka leo. Haya ninayokueleza yalinitokea mimi, mchana, jua likiwaka. Ukishindwa kuniamini, njoo Nateete uvitazame vidole.

Kwa Kiganda rangi ni langi, na hata tukiongea Kiswahili ulimi wetu hukataa kubadilika. Watu hucheka, basi. Lakini miaka ile ya utawala wa jeshi, Langi walikuwa pia watu, kabila la kaskazini lililokuwa likisakwa na kuuawa. Nilijua. Nani hakujua? Sikufikiri tu kwamba mdomo wangu mwenyewe ungenitia humo.

Nilikuwa kijana, fundi wa bodi za magari, niliyejifunza peke yangu kwa kuharibu mabati ya watu. Nilikuwa na ugonjwa wa kutaka kila kitu kiwe sawasawa. Nikiacha mkwaruzo mmoja, usingizi sipati. Kwa hiyo afande mmoja aliponiletea Ford Zefa ya zamani, iliyoachwa na Mhindi aliyefukuzwa nchini, nilifurahi kama mtoto.

"Kijana, nataka kama siku ilitoka meli," alisema. "Hapana badilisha kitu. Ukibadilisha, mimi nabadilisha wewe."

Askari wake wakacheka. Nami nikacheka. Ungefanyaje?

Nilibakiza vitasa vyake vyenyewe, viti vyake vya ngozi, hata saa ya dashibodi iliyokuwa ikichelewa. Chini ya zulia nikakuta rangi yake ya kwanza, kijani kilichofifia kama jani la ndani la kabichi. Kitu kimoja tu kilinishinda. Mfuniko wa buti, pale nyuma pa kuwekea mizigo, ulikuwa na vinundu viwili vilivyotokeza nje. Havikuwa vya ajali. Vilisukumwa kutoka ndani. Nilivinyoosha kwa nyundo, nikapitisha kiganja, nikaridhika. Kesho yake vilikuwa vimerudi. Nikavinyoosha tena, vikarudi palepale. Nikajilaumu kwamba kazi siijui.

Rangi ilikuwa adimu wakati huo. Nilipopata kopo la kijani kile kwa mfanyabiashara mmoja Mkongo, niliogopa wezi wa gereji, nikalipeleka chumbani kwangu. Mchana ule afande akaja kuuliza kazi imefika wapi.

"Afande, sasa iko tayari!" nikasema kwa furaha. "Langi iko kwangu, nimeficha chini ya kitanda."

Fundi wa jirani akaweka nyundo chini.

"Nani iko chini ya kitanda?"

"Langi, afande. Langi ya gali!"

Kitako cha bunduki kilinipata mdomoni. Nikatema jino. Wakanifunga kandoya, viwiko nyuma ya mgongo mpaka vikagusana, na miguu pia, kisha askari mmoja akasimama juu ya vidole vyangu hadi nikasikia vikivunjika. Nilivyozidi kulia "langi ya gali", ndivyo walivyozidi kunipiga teke. Kwao nilikuwa nakiri. Wakamlazimisha jirani awaonyeshe kwangu, wakanitupa ndani ya buti la Zefa, wakafunga.

Sikuwa peke yangu mle.

Goti lilinigusa mgongoni. Goti la mtu, la baridi. Palinuka petroli na damu iliyokauka zamani. Yangu ilikuwa bado mbichi.

"Wewe ni wa kwetu?" sauti ikauliza.

"Hapana, ssebo. Mimi nilisema langi. Ya kupaka gali."

Akacheka. Niamini, alicheka mle ndani. "Gali! Utakufa kwa ulimi huo, fundi. Sema rangi."

"Langi."

"Ulimi umelala. Uinue ncha, uutetemeshe. Rrr."

Nilijaribu, damu imejaa mdomoni, gari likiruka mashimoni, kichwa changu kikigonga bati. Yeye hakuchoka. Tena, alisema. Tena. Hatimaye nikalipata neno.

"Vile vinundu ni visigino vyangu," akasema. "Nilipiga ili watu wa barabarani wasikie. Na wewe umenigonga nyundo mara mbili. Usinifute."

Gari likasimama mbele ya chumba changu, na baadaye buti likafunguliwa. Afande alikuwa ameshika kopo langu. Nyuma yangu hapakuwa na mtu, palikuwa na gurudumu la akiba tu.

"Chini ya kitanda iko hii. Langi iko wapi? Sema, ama leo nakumaliza."

"Rangi," nikasema. "Rangi ya gari, afande."

Askari mmoja akacheka mpaka akashika tumbo. "Kumbe rangi! Muganda huyu karibu akufe bure!"

Wakanitoa, wakafunga buti. Afande hakucheka. Alikuwa akitazama mfuniko. Vinundu vilikuwa vikubwa kuliko asubuhi, na miguu yangu ilikuwa imefungwa.

"Nyoosha hii," akasema. "Leo."

Hapo niliogopa kuliko nilivyoogopa gizani. Nyundo mbili tatu tu, wangeniachia.

"Afande, ulisema nisibadilishe kitu. Gari lilikuja navyo."

Akaniwekea bastola kwenye meno yaliyobaki. Mkono wake mwingine ulikuwa juu ya mfuniko, na mfuniko ukapigwa kutoka chini, mara moja, kwa nguvu, mahali pasipo na mtu. Akautoa mkono kama aliyeungua.

"Paka rangi tu," akasema polepole. "Acha hivyo."

Nilipaka kwa mkono wa kushoto. Serikali ile ilipoanguka, Zefa ilikutwa imetelekezwa Kawempe, afande amekufa kwenye kiti cha nyuma, kile kinachopakana na buti. Nilikwenda kuona. Ngozi ya kiti ilikuwa imetokeza mbele mahali pawili, na waliomtoa walisema uti wa mgongo ulikuwa umevunjika mahali pawili.

Ukinunua au ukiletewa kutengeneza gari la miaka ile, fungua buti, utazame mfuniko kwa ndani. Ukiona bati limesukumwa kwenda nje, usiliguse, hata ukiona aibu mbele ya wateja.

Siku hizi siwezi kusema langi, hata kwa Kiganda. Mama anasema naongea kama mtu wa Lira, kule kaskazini kwao yule wa kwenye buti. Kazi ya bodi naifanya bado, ila mabuti sinyooshi.