Rangi za Ng'ombe wa Sinema

Nilipoolewa nilihamia kijiji kimoja jirani na Ngulyati, mwaka uleule watu walipomaliza kujenga nyumba kwa safu kando ya barabara, kama serikali ilivyoagiza. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mume wangu alikuwa bwana shamba, mtu wa safari, kwa hiyo siku nyingi nyumbani tulibaki watatu: mimi, mama mkwe na baba mkwe.

Baba mkwe alikuwa anapoteza macho. Aliona mwanga na vivuli, basi. Maisha yake yote yalikuwa ya ng'ombe, na wale wachache waliobaki sasa aliwajua kwa kuwapapasa na kwa milio yao. Mimi na yeye hatukuwa na mazungumzo. Hatukuwa na ugomvi. Ndivyo heshima ilivyotaka kati ya mzee na mke wa mwanawe. Asubuhi nilipiga magoti mbali kidogo nikasema, "Mwangaluka, baba," naye akaitika, "Mwangaluka, mayu," yaani mama, na hapo maneno yetu yakaisha mpaka kesho yake. Sikukaa kwenye mkeka wake, wala sikumpa kitu mkono kwa mkono.

Msimu wa kuchuma pamba likaja gari la sinema. Walitundika shuka jeupe kwenye ukuta wa ghala, na jua lilipozama wakaanza na filamu ya kuchimba vyoo. Watu walivumilia. Kisha ikaja ya pili, ya Wamarekani wenye kofia pana na farasi, na mara spika ikajaa milio ya ng'ombe. Baba mkwe, aliyekuwa amekuja kwa sababu tu mama mkwe hakutaka kumwacha peke yake, akanyoosha shingo.

"Ni wengi," alisema. "Wanakwenda wapi?"

Mama mkwe alikuwa amekaa katikati yetu. Akanigeukia. "Wewe unajua Kiingereza. Mwambie."

Kiingereza changu kilikuwa cha darasani, na wale watu walizungumza kama waliobana kitu menoni. Nilichokipata ni hiki: mwanamke mjane, ukame umemaliza majani, anaswaga ng'ombe wake kwenda mbali kwenye reli, na amemwajiri mwanaume mgeni amsaidie. Nikaanza kueleza kwa Kisukuma, nikiongea na bega la mama mkwe.

"Mwanamke anaswaga ng'ombe?" baba mkwe aliuliza.

"Ndiyo, baba."

Akageuza sikio kuelekea spika. Halafu akauliza, "Wana rangi gani?"

Filamu ilikuwa nyeusi na nyeupe. Ng'ombe wote walikuwa kijivu, wengine kilichokolea, wengine kilichopauka. Nilifungua mdomo niseme hivyo, nikauona uso wake. Nikasema yuko mwekundu, wa mbele. Nikakwama hapo, maana kwetu Mwamanyili ni watu wa mpunga, sikuyajua maneno ya mifugo. Mama mkwe akaninong'oneza, "Sema yuko mweusi mwenye baka jeupe mgongoni." Nikasema. "Sema yuko wa rangi ya majivu, pembe moja imelala." Nikasema. Mpaka mwisho, mjane alipoolewa na yule mgeni na watu wakapiga makofi, nilikuwa nimewapaka rangi ng'ombe zaidi ya ishirini. Baba mkwe alirudi nyumbani ameshika fimbo yake.

Miezi kadhaa baadaye nilikwenda Bariadi mjini kwa shughuli za shule. Padri mmoja mzee alikuwa na kabati la vitabu, akituazima sisi walimu. Hapo nikakiona kimoja: picha ya mwanamke juu ya farasi, jina lile lile la sinema ya mjane, na maelezo kwamba sinema ilitokana nacho. Nikakiomba.

Nilimwambia mama mkwe, naye akamwambia mumewe. Jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo: asome.

Basi kila Jumamosi mchana tulikaa kivulini mwa nyumba, mama mkwe katikati akichambua mchicha, mimi nikisoma Kiingereza kimoyomoyo na kukitoa kwa Kisukuma. Siku ya kwanza niliona nikiri. "Baba, zile rangi za kwenye sinema hazikuwepo. Tulizitunga."

"Najua," alisema. "Yule wa pembe iliyolala nilimzalisha mwenyewe."

Mama mkwe aliinamia mchicha wake.

Kitabu kilikuwa na mambo ambayo sinema iliyaruka. Kulikuwa na mto uliofurika, na ng'ombe mzee, kiongozi wa kundi, aliyegoma kuvuka. Mjane alimbembeleza nusu siku nzima, mwisho akamwacha ukingoni. Niliposoma hapo, baba mkwe aliinua mkono nikanyamaza.

"Na mimi nilimwacha mmoja," alisema.

Akatueleza. Siku ya kuhama kuja barabarani, ng'ombe wake mmoja jike, aliyekuwa amemzalia nusu ya kundi, alikataa kutoka zizini. Walimvuta, walimpiga, akalala chini. Lori la kubeba milango na mapipa lilikuwa linasubiri. Akaondoka. Kesho yake alitembea kurudi, na kesho kutwa tena, akimpelekea majani. Siku ya nne alimkuta amekufa pale pale, kichwa kikielekea mlango wa zizi.

"Ulisema ulimuuza," mama mkwe alisema taratibu.

"Nilisema hivyo."

Machozi yalikuwa yanamtoka katika macho yale yasiyoona, naye hakuyafuta. Mama mkwe aliweka chini ungo, akainuka, akaingia ndani kumletea maji. Alikawia. Nafasi kati yetu ikabaki wazi, na mimi, sijui nilipata wapi ujasiri, nikasogea nikamshika mkono. Ulikuwa mkavu na mzito. Hakuutoa.

Mama mkwe aliporudi alituona, akatoa kata ya maji, akaketi upande mwingine wa mumewe.

Mvua za kwanza zilitukuta kwenye kurasa za mwisho. Kitabuni mjane hakuolewa. Yule mgeni alikwenda zake, mwanamke akauza ng'ombe wote relini na kufungua mgahawa mjini. Baba mkwe alichukizwa. Alisema aliyeandika hajawahi kufuga.

Kisha akauliza, "Padri ana kingine?"

"Nilikiona kimoja, baba. Lakini ni cha mabaharia."

"Huko baharini kuna ng'ombe?"

"Hakuna."

Alifikiri, akisikiliza mvua ikigonga bati.

"Kilete hicho hicho," alisema. "Tutakaa."