Kijiko Kimoja kwa Kila Chupa

Binti yangu aliponiletea mjukuu wangu wa miaka mitatu huku Kikwe, mtoto alikuwa na mafua na kikohozi. Aliniachia chupa ya dawa aliyoinunua Kaloleni, anakoishi, akarudi kazini. Asubuhi iliyofuata mke wa mwanangu alitoka Tengeru na chupa nyingine. Wote wawili walinunua kwa upendo, nami sikutaka kumvunja moyo hata mmoja. Nilisali, nikampa mtoto kijiko kimoja kutoka kila chupa.

Kikohozi kilinyamaza, akalala. Nilimshukuru Mungu kwa usingizi ule. Lakini saa sita nilipomwita hakuitika. Nilimtikisa, akafungua macho nusu, akayafumba tena. Shukrani ikanikauka mdomoni.

Nilimbeba hadi zahanati, mkwe wangu akinifuata na chupa zote mbili. Muuguzi alimsikiliza kifua, akahesabu pumzi zake, kisha akasoma karatasi zilizobandikwa kwenye chupa.

“Baba, umempa ipi?”

“Zote, mwanangu.”

“Sasa ona.” Aliniwekea kidole kwenye maandishi madogo ya chupa moja, kisha ya nyingine. Neno lilikuwa lilelile: klorofeniramini. “Hii hukausha mafua, tena huleta usingizi. Umempa mara mbili. Hii ya Kaloleni ina pia dawa ya kulegeza makohozi, lakini mtoto aliyelewa usingizi atayatoaje?”

“Na huu utamu wa dawa hizi?”

“Sukari tu, ili akubali kunywa.” Alinitazama, akatabasamu kidogo; tunasali kanisa moja. “Mzee wa kanisa, ulikuwa unagawa meza ya Bwana?”

“Hata huko hatumpi mtu mara mbili.”

Mkwe wangu alicheka, kisha akajifuta machozi. Muuguzi alisema pumzi ni nzuri, ila tusiondoke mpaka mtoto aamke. Kila baada ya muda alikuja kumgusa na kumsikiliza tena. Nilikaa kwenye benchi nimempakata, nikisali bila maneno mengi.

Saa kumi alasiri alikohoa kikohozi kizito, akalia akimtaka mama yake. Alikunywa maji, akanisukuma mkono.

Nilimpigia binti yangu palepale, kabla sijatafuta maneno ya kujitetea. Nilimweleza kila kitu.

“Amekula, baba?”

“Bado.”

“Basi mpe kwanza ale. Halafu nipe niongee naye.”