Pai za Mke wa Sherifu

Lori lilipokata kona, Ardith aliiona jela kabla ya mji wenyewe. Mbele, nyumba yenye mapazia. Nyuma, madirisha ya nondo. Mawe yake yalichongwa na wafungwa wa kwanza, kisha wakalala humo.

"Tutakaa hapo?"

"Mbele," alisema Wendell, mumewe, sherifu mpya, mkuu wa polisi wa kaunti. "Nyuma kuna wenyewe. Ni muhula mmoja tu, Ardith. Halafu tunajenga kwetu."

Huko Nebraska, aliyechagua sherifu alipata na mke wa sherifu bure. Ardith aliwapikia wafungwa, akawapitishia sahani kwenye kijidirisha cha chuma ukutani mwa jikoni. Wendell akiwafuata wezi wa ng'ombe, funguo zilibaki kiunoni mwa mkewe, na jela haiachwi bila mtu. Mama yake Ardith alizikwa mwendo wa asubuhi moja kutoka pale. Hakwenda.

"Mama Sherifu," Orrin, mlevi wa kudumu, aliita kutoka upande wa pili, "ukiacha kupika hivi, mimi naacha pombe."

"Basi kesho unakula uji."

"Aa, tusifike huko."

Kila uchaguzi ulipokaribia, pai zake za tufaha zilijaza meza ya karamu ya kanisa. Watu walikula, wakajipangusa midomo, wakampigia Wendell kura. Muhula mmoja ukawa miwili, ikawa mitatu. Ilimchukua Ardith miaka kutambua kwamba kwa pai hizo alikuwa akijifungia jela yeye mwenyewe.

Uchaguzi wa nne ulipofika, alikwenda kanisani mikono mitupu.

"Pai ziko wapi, shoga?" aliuliza mke wa mchungaji.

"Sikupika."

"Wendell akianguka utajilaumu."

"Nitajilaumu nikiwa kwangu."

Wendell hakuanguka. Watu walishamzoea. Alirudi na ushindi wake, akamkuta mkewe amevaa koti, sanduku miguuni, sahani za wafungwa zimeshapita ukutani. Aproni na funguo vilikuwa mezani.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa dada yangu. Ukijenga, niite."

"Na hawa nani atawapikia?"

"Waliokupigia kura."

Wendell alizitazama funguo. Hakuweza kumfuata, jela haiachwi bila mtu.

Ardith alitoka kwa mlango wa mbele, akauacha wazi. Upepo ulipita jikoni, ukaingia kwa kijidirisha hadi nyuma.

"Mama Sherifu," Orrin aliita, "hujafunga mlango."

Akangoja. Kisha akarudi kula, polepole.