Karatasi za Baiskeli ya Baba

Baba alinunua baiskeli mpya mjini Jinja, akakataa kuivua karatasi za dukani. Miezi ikapita, fremu ikabaki imefunikwa kama mwari, na hakuna mzigo ulioruhusiwa kugusa keria yake.

Jumamosi moja tulitoka sokoni kurudi nyumbani Walukuba. Mama, aliyekuwa karibu kujifungua, alibeba kichwani kapu zito la unga, sukari na chumvi. Baba alikokota baiskeli tupu kando yake, akisalimia watu. Mimi nilifuata nyuma kwa hasira. Hata leo haijanitoka.

Muuza ndizi mmoja mwanamke alimcheka baba. "Bwana, baiskeli yako inaumwa? Mbona unaisindikiza kama mgonjwa?"

Baba naye akacheka. Mama hakucheka. Alitua kapu barabarani, akazishika zile karatasi, akazichana zote, kuanzia usukani hadi nyuma.

"Mama watoto, unaniharibia rangi!"

"Na wewe umeniharibia shingo."

Alilifunga kapu kwenye keria kwa kamba ya mpira, akatangulia, mikono mitupu. Nilidhani baba angemkimbilia. Aliinama, akaanza kuokota karatasi.