Banwari, Mtu wa Biashara ya Shampuu

Mtaani kwetu hapa Kanpur, vichwa ambavyo Banwari hajavikanda ni vya kutafuta. Hupita na chupa ya mafuta ya haradali, akakukalisha barazani, na muda si mrefu umesahau hata ugomvi wa mkeo. Binti yake Kajri, ambaye ni mwalimu, aliwahi kumweleza kwamba Waingereza walichukua neno la kukanda kichwa kwa watu kama yeye, wakalifanya shampuu.

"Wamebeba neno, wametuletea povu," akasema Banwari. "Wajanja hao!"

Posa ya Kajri ilipokuja, Banwari alikosa usingizi. Binti alimpenda kijana, lakini baba wa kijana, Girdhari, alikuwa na pesa na majivuno. Banwari aliogopa mafuta ya haradali yangevunja ndoa. Akatuma jibu kwamba yeye ni mtu wa biashara ya shampuu, waje Jumanne.

Jumanne! Mimi jirani yake nilitamani kumzaba kibao. Huku kwetu Jumanne nywele haziguswi, na wanaoshinda bure siku hiyo ni vinyozi na wakandaji. Lakini Girdhari akajibu kwamba Jumanne inamfaa mno, siku nyingine zote kazi zimembana. Nikafunga mdomo wangu.

Wakaja. Banwari alikuwa ameosha mikono kwa shampuu tangu alfajiri, ngozi imekunjamana. Girdhari akatusimulia habari za marehemu baba yake, ofisa mkubwa wa reli. Mambo yakawa shwari mpaka mama yake, bibi kizee, aliposhika paji la uso.

"Jua limeniua leo, wanangu."

"Samahani, mama," akasema Banwari, na vidole vilikuwa vimeshafika kichwani. Kajri akafumba macho kwa hofu.

Bibi naye akafumba yake, kwa raha. "Girdhari, hebu ona! Vidole vya baba yako hivi hivi! Pale stesheni abiria walikuwa wakimpangia foleni awakande."

Girdhari alitazama sakafu, kisha akatazama ile mikono iliyokunjamana, na sauti yake ikashuka.

"Harusi tuiweke Jumanne, ndugu yangu?"

"Jumanne," akasema Banwari, machozi yakimlengalenga. "Tutaipata wapi nafasi siku nyingine?"

"Acheni maneno," akasema bibi. "Wewe, rudi hapo kisogoni."