Tumbili Asiyepiga Kelele

Hivi, ukisimamishwa wewe na tumbili mbele ya mlango uliofungwa, una hakika ni wewe utakayetangulia kuingia? Mkuu wa utawala alikuwa na hakika. Watu wa aina yake huwa na hakika ya kila kitu, ndiyo maana hawajifunzi kitu.

Shangazi yangu amefagia uwanja wa ofisi ya mkuu huyo kwa miaka kumi na tisa. Kila jioni, kazi yake ya mwisho ni kusukuma komeo la kizimba cha taka, kibanda cha wavu nyuma ya jengo. Kufuli lilishindikana: funguo zilipotea mara nne, zote mikononi mwa wakubwa. Siku hizo kila asubuhi taka zilikutwa zimetapakaa, na shangazi alikwishapewa barua mbili za onyo kwa “uzembe wa kufunga”. Ya tatu ingekuwa ya kufukuzwa.

“Ni tumbili, bosi,” alijitetea.

“Basi tutamkamata huyo tumbili wako.”

Wakanasa dume kubwa ambalo shangazi alilibatiza Mwenyekiti. Kazi yake ilikuwa kukalia paa la gari la mkuu, kisha kuutikisa wavu wa kizimba mara tatu, kupiga mayowe na kwenda zake. Wakampeleka porini, mkuu akapiga naye picha. Kesho yake taka zilikuwa chini vilevile. Kwa hesabu za mkuu, mkosaji aliyebaki alikuwa shangazi.

“Wamemfukuza mpiga kelele,” aliniambia akiosha fagio. “Mwenyewe yupo. Simba mwenda pole ndiye mla nyama, mwanangu.”

Mwenyewe alikuwa Bi Haya, jike lenye sikio lililochanika, ambalo ukipiga chafya tu limetoweka. “Yule hapigani na mlango,” shangazi alisema. “Anauuliza.”

Nilisoma tabia za wanyama chuoni miaka mitatu. Niliandika kurasa na kurasa kuhusu jasiri anayerukia kila kitu na mwoga anayeng’ang’ania kitu kimoja mpaka kikubali. Shangazi aliyajua yote hayo kwa fagio, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Nikaenda kwa mkuu kumweleza. Alinisikiliza huku akikata kucha.

“Kijana, tumbili wana mikono, hawana akili. Njoo uone.”

Fundi alikuwa amefunga komeo jipya: unachomoa pini, unainua mkono wake, ndipo unasukuma. Mkuu akalijaribu. Akautikisa mlango mara tatu, akaupiga teke, akafoka, akarudi nyuma akihema.

“Mmeona? Hata mimi siwezi!”

Shangazi, aliyesimama kando yangu, akaninong’oneza, “Mwenyekiti karudi toka porini.”

“Unasemaje, mama?”

“Nasema zuri, bosi. Imara.”

“Basi kesho asubuhi saa kumi na mbili na nusu nitakuwa hapa na barua yako. Nikikuta pako wazi, sitaki kusikia habari za tumbili.”

Asubuhi hiyo nilimsindikiza shangazi. Mkuu alitukuta tumejibanza nyuma ya dirisha la stoo, naye ana bahasha mkononi. Kizimba kilikuwa kimefungwa. Alikuwa bado anacheka pale Bi Haya aliposhuka ukutani. Akaketi mbele ya mlango. Akavuta mlango, ukagoma. Akaigusa pini, akaizungusha, akaonja kidole, akaizungusha tena. Ilipochomoka aliruka nyuma kwa woga, akasubiri, akarudi. Akainua. Akasukuma. Akaingia kama mwenye nyumba.

Mkuu alitoka mbio akipiga makofi kumfukuza. Bi Haya akapita juu ya kichwa chake na mkate mdomoni, na mkuu akakanyaga ganda la ndizi, akakaa chini mzima mzima.

Hakumwomba shangazi radhi, wala sikutarajia. Alichana bahasha, akaikunja barua, akafutia kiatu chake, akaitupa kizimbani.

“Ukimaliza, bosi,” shangazi akasema, akianza kufagia, “rudishia komeo.”

Akahangaika nalo mpaka nikachoka kutazama.