Toleo la Kwanza Lililonyweshwa Chai

Aibu niliyoipata Kinondoni nilikuwa nimeapa kuificha, ila mtaa mzima unaijua na kila mtu anaisimulia kwa kuongeza chumvi, kwa hiyo bora niiandike mwenyewe, polepole, maana mkono wangu si mwepesi.

Kwetu ni Mwananyamala, naishi na Bibi, mama yake mama, anayeuza barafu za ukwaju na ubuyu. Siku moja friji lake likafa. Fundi alilifungua nyuma, akatikisa kichwa, akasema, "Bibi, hili zikeni tu." Biashara ikasimama, watoto wakija na vijisarafu vyao Bibi anawaambia "Kesho," na sote tunajua hiyo kesho haipo.

Ndipo nikakumbuka sanduku la magazeti ya zamani ya katuni lililokuwa chini ya kitanda. Mjomba Saidi aliwahi kuuza magazeti Temeke, na kila toleo la katuni likitoka aliweka nakala moja pembeni, haisomi wala hakuna ruhusa ya kuigusa. Sasa anaishi Mafia. Tukampigia simu, akasema, "Uzeni, mama apate friji."

Rafiki yangu Chidi akaniambia Jumamosi kuna mkutano ukumbini Kinondoni wa wanaonunua vitu vya kale, na yupo Mzee Mbwilo, mwalimu mstaafu, mgonjwa wa katuni. "Ila kaka, cha kale kionekane cha kale," akasema, "na kiwe na historia nzito."

Nikachomoa toleo la kwanza kabisa. Jeupe, linang'aa, pini zake hazina kutu, kama limetoka kiwandani jana. Nikasikitika! Nani ataamini hili ni la kale? Niliwahi kuona kwenye simu watu wakizeesha karatasi kwa chai, na Bibi alikuwa kwenye maulidi kwa jirani, basi nikamimina chai iliyobaki asubuhi kwenye sinia, nikalilaza gazeti humo, nikaligeuza kama chapati, nikakunja pembe mbili tatu, nikalianika kambani katikati ya kanga za Bibi. Likakauka kahawia, limejikunja kama samaki ng'onda, nikajipongeza. (Wale wa kwenye simu walitumia chai tupu, majani na maji. Yetu ilikuwa na iliki, na sukari, na Bibi sukari hapimi.) Usiku likalala jikoni ndani ya mfuko.

Ukumbini nikamkuta Mzee Mbwilo ametandika kitambaa cheupe mezani, amevaa glavu kama daktari.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Haya, limetoka wapi?"

Swali jepesi tu, lakini mie watu wakizidi watatu akili inahama, nikajisikia nasema, "La babu. Alikuwa nahodha wa meli, alikuwaga analisoma safarini, mawimbi yakalilowesha."

Watu wakasogea. Mzee akalinusa, akalinusa tena.

"Mawimbi yenye iliki?"

Mara akatoka sisimizi mmoja katikati ya kurasa, akafuatwa na ndugu zake, ukoo mzima, mstari mweusi juu ya kitambaa cheupe, wakashika njia moja kwa moja kwenda meza ya jirani alikokuwa mama mmoja na stempu zake. Yule mama akaruka, meza ikapinduka, stempu zikapeperuka, wazee wazima wakawa wanatambaa chini kuziokota.

"Huyu kijana na babu yake nahodha!" akapiga kelele yule mama.

"Nahodha nani?" ikauliza sauti mlangoni.

Bibi! Alikuwa amenifuata na kikapu chenye magazeti yaliyobaki, anajua sina mdomo, akaogopa nitapunjwa. "Mume wangu alikuwa fundi baiskeli," akatangaza, "na maji aliyaogopa, hata Kigamboni hakuvuka!"

Ukumbi ukalipuka. Mie natafuta pa kujificha, nimeshika kiti.

Mzee Mbwilo akafungua kikapu, akayatoa magazeti moja moja. Akamuuliza Bibi yametoka wapi, Bibi akampigia mjomba hapohapo, mjomba akaeleza aliuzia wapi na kwa nini aliyatunza. Mzee akanigeukia, wala hakufoka.

"Kijana, uzee wake umeandikwa kwenye jalada, tarehe hiyo hapo. Sie tunachotafuta ni la zamani lililobaki kama jipya, na mtu wa kutuambia ukweli limepita mikononi mwa nani. Vyote mlikuwa navyo. Hili la kwanza lingekuwa safi, lingezidi bei ya haya mengine yote kwa pamoja."

Bibi akanitazama. "Kwa hiyo friji langu umelinywesha chai?"

Yule mama wa stempu alicheka mpaka akakaa chini.

Mzee aliyanunua yaliyobaki, na Bibi akapata friji la mtumba, linanguruma na mlango wake tunaufunga kwa kamba, lakini barafu zinaganda na watoto wamerudi kupanga foleni. Mie nimekoma: kitu cha mtu nitakifikisha kama nilivyokikuta, na nikiulizwa kimetoka wapi nitasema palepale, hata kwa kigugumizi.

Lile la kwanza Mzee aliliomba bure. Ameliweka kwenye mfuko wa nailoni, na kila mkutano analinyanyua na kulisomea historia yake: lilinunuliwa na Saidi, muuza magazeti wa Temeke, likatunzwa na mama yake, likaharibiwa na kijana yule pale. Nami nasimama, napunga mkono.